Wachoraji wa Historia (2): Tshibumba na Gunia la Unga

Juma lililopita tulimsoma Mfaransa Paul Delaroche (1797–1856). Mwaka 1833 alimchora Lady Jane Grey, binti aliyekatwa kichwa London mwaka 1554: macho yamefungwa kitambaa, mikono inapapasa gogo. Kati ya kifo na picha ilipita karibu miaka 280. Congo yetu ilimpata mchoraji ambaye hakungoja.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akauza nyumba kwa nyumba. Watu wa kawaida walizitundika picha zake sebuleni, na mgeni akiingia, mazungumzo yakaanzia ukutani.

Mwaka 1973 alimweleza Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha Lubumbashi, kwamba shabaha yake ni kuchora historia nzima ya nchi. Ndani ya muda mfupi picha zilizidi 100. Mfalme M'siri yumo. Wagomaji wa kampuni ya madini ya Union Minière waliopigwa risasi Desemba 1941 wamo. Uhuru wa tarehe 30 Juni 1960 umo. Kila picha aliifafanua kwa Kiswahili cha Katanga, Fabian akirekodi.

Tazama kifo cha Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza. Amelala chini pamoja na wenzake waliouawa naye, Mpolo na Okito, nyuma yao misalaba mitatu. Damu inamtoka ubavuni na kuandika ardhini neno moja: umoja, kwa Kifaransa. Tarehe 17 Januari 1961 Tshibumba alikuwa bado mtoto, na hakuyashuhudia mauaji yale. Anachotupa ni hukumu yake: mtu huyu alikufa kwa ajili ya wengi. Ndiyo sababu alijiita mwanahistoria, na alistahili jina hilo.

Sisi wa Mugunga, karibu na Goma, tuna nini ukutani? Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijaa hapa juu ya mawe ya volkano. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliwaua wahami kambini. Dunia iliyaona hayo kupitia kamera. Lakini kamera huonyesha kilichotokea. Maana yake, na nani abebe lawama, ni juu yetu kusema. Vijana wanaochora vibao vya saluni na maduka wana mkono wa kazi hiyo. Wazee wakae nao, wasimulie, wabishane mbele ya picha. Kitambaa cha gunia kinatosha kuanza.

Juma lijalo: Chéri Samba wa Kinshasa.