Matembezi ya Familia Makumbusho ya Reli Nairobi Yanavyosaidia Kuhifadhi Injini za Mvuke

Shule zinapofungwa mwezi Aprili, Agosti na mwishoni mwa mwaka, wazazi wengi hutafuta mahali ambapo watoto watajifunza huku wakiburudika. Kwa wakazi wa Nairobi na wageni wanaofika jijini humo, mahali pamoja panapokidhi haja hiyo ni Makumbusho ya Reli, yaliyo jirani na stesheni kongwe ya jiji. Hapo zimehifadhiwa injini za mvuke, mabehewa na vifaa vilivyotumika kusafirisha abiria na mizigo ya Afrika Mashariki kwa miongo mingi.

Matembezi hayo yana manufaa kwa pande zote mbili. Familia hupata siku ya mapumziko yenye maarifa, na makumbusho hupata kiingilio pamoja na kizazi kipya cha watu watakaojali urithi huo. Bila wageni wa kurudi msimu baada ya msimu, injini hizo hubaki vyuma vya kuliwa na kutu.

Chimbuko la urithi huo

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli yenye upana wa mita 1 ilitandazwa kupitia Taru na Tsavo, ikafika mahali palipokuja kuwa jiji la Nairobi mwezi Mei mwaka 1899, na Kisumu mwezi Desemba mwaka 1901. Zaidi ya wafanyakazi 30,000 waliletwa kutoka India kwa ajili ya kazi hiyo, na takriban 2,500 kati yao walipoteza maisha. Nairobi yenyewe ilizaliwa kutokana na reli: ilianza kama kambi na karakana katika uwanda ulio chini ya miinuko ya Bonde la Ufa.

Makumbusho yalianzishwa mwaka 1971, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilipokuwa bado chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Wakati huo injini za dizeli zilikuwa zikichukua nafasi ya mvuke, na kila injini iliyoondolewa kazini ilikuwa ikielekea kukatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali za reli ziligawanywa, na makumbusho yakabaki chini ya Shirika la Reli la Kenya.

Historia hiyo ya pamoja inasomeka katika majina ya injini zenyewe. Injini namba 2921 ina jina la Wamasai wa Kenya. Namba 3020 inaitwa Nyaturu, jina la watu wa Singida nchini Tanzania. Na namba 3123 inaitwa Bavuma, watu wa visiwa vya Buvuma nchini Uganda. Injini kubwa zaidi zilipewa majina ya milima. Namba 5918 inaitwa Mount Gelai na namba 5930 inaitwa Mount Shengena, milima ambayo yote miwili iko Tanzania. Mtoto anayepita kati ya injini hizo akisoma vibao vyake hupata somo la jiografia ya kanda nzima.

Injini zilizopanda mlima

Injini za daraja la 59, zikiwemo Mount Gelai na Mount Shengena, ndizo zinazovuta macho ya wageni wengi. Zilijengwa 34 katika kiwanda cha Beyer, Peacock jijini Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950. Kila moja ina uzito wa zaidi ya tani 250, sawa na ndovu wakubwa wapatao 40, na hakuna injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda zilizowahi kufanya kazi katika reli ya upana wa mita 1.

Nguvu hiyo ilihitajika kwa sababu ya umbo la nchi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 530, na katika safari hiyo treni hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Injini ndogo isingeweza kuvuta shehena nzito katika mwinuko huo, na injini moja ndefu isiyojikunja isingepita kwenye kona. Suluhisho lilitokana na ubunifu wa mhandisi Mwingereza Herbert Garratt wa mwanzoni mwa karne ya 20. Boila huwekwa katikati, na mbele na nyuma yake huunganishwa seti mbili za magurudumu yenye silinda zake. Viungo kati ya sehemu hizo tatu huiwezesha injini kujipinda inapofuata kona, na uzito husambazwa juu ya magurudumu mengi ili reli isielemewe.

Namna mvuke unavyofanya kazi ni jambo ambalo mzazi anaweza kumweleza mtoto papo hapo mbele ya mashine. Mafuta mazito huchomwa katika tanuri. Hewa ya moto hupita ndani ya mabomba yaliyozungukwa na maji, na maji huchemka. Maji yanapogeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutanuka zaidi ya mara 1,600. Yakifungiwa ndani ya boila, mvuke huo hujaa shinikizo. Ukielekezwa kwenye silinda husukuma pistoni, na pistoni huzungusha magurudumu kupitia mikono ya chuma inayoonekana kando ya injini. Tofauti na mashine nyingi za leo, sehemu kubwa ya kazi hiyo iko nje, mahali ambapo jicho linaweza kuifuata hatua kwa hatua.

Sehemu nyingine inayosimuliwa sana ni behewa la ukaguzi alimouawa afisa wa polisi Charles Ryall. Mwezi Juni mwaka 1900, Ryall na wenzake wawili walilala ndani ya behewa hilo katika kituo cha Kima wakimvizia simba aliyekuwa akishambulia watu. Ryall alipitiwa na usingizi akiwa zamu, na simba akaingia ndani na kumburuta nje kupitia dirishani. Kisa hicho huwakumbusha wageni kwamba reli hiyo ilijengwa na kuendeshwa kwa gharama ya uhai wa watu.

Kwa nini idadi ya wageni ni muhimu

Kuhifadhi injini ya mvuke ni kazi isiyokwisha. Boila inayowashwa hupaswa kuoshwa ndani, kukaguliwa na kupimwa shinikizo mara kwa mara, kwa kuwa boila iliyodhoofika ni hatari kwa maisha. Nchini Uingereza, injini zinazoendeshwa katika reli za urithi kwa kawaida hufanyiwa ukarabati mkubwa wa boila kila baada ya miaka 10. Vipuri vipya haviuzwi tena dukani: kiwanda kilichojenga injini za daraja la 59 kilifungwa katika miaka ya 1960. Kifaa kinapovunjika, fundi hulazimika kukitengeneza upya kwa mkono. Injini ambayo haiwashwi nayo inahitaji rangi, grisi na kivuli, la sivyo mvua na jua huimaliza.

Reli za urithi za nchi nyingine zimepata jawabu katika kalenda ya familia. Reli ya Talyllyn nchini Wales, iliyookolewa na watu wa kujitolea mwaka 1951, ilifungua njia iliyofuatwa na nyingine nyingi. Leo reli za aina hiyo nchini Uingereza hupanga shughuli kwa misimu: Pasaka, likizo ndefu ya kiangazi, mapumziko ya Oktoba, na Desemba, ambapo watoto hupanda treni kwenda kukutana na Baba Krismasi. Mapato ya Desemba husaidia kugharimia matengenezo ya majira ya baridi, wakati treni nyingi zimesimama.

Nairobi nayo imewahi kuonja ladha hiyo. Mount Gelai ilifufuliwa na mafundi ikatoka tena makumbushoni kwa moto wake yenyewe, ikivuta treni za matembezi. Safari hizo zilithibitisha kwamba ujuzi bado upo. Hata hivyo, ujuzi huo umo vichwani mwa watu ambao umri wao unasonga. Miongoni mwa madereva, wachochea moto na mafundi waliofanya kazi wakati wa mvuke, wengi wamestaafu kitambo, na wengine wameaga dunia.

Kuifanya siku iwe na faida

Familia inayopanga ziara inashauriwa kuthibitisha mapema saa za kufunguliwa na viwango vya kiingilio, hasa karibu na sikukuu za kitaifa. Ni vyema kuanza na ukumbi wa ndani, wenye picha, vyombo na vifaa vya mawasiliano, kisha kutoka uani kwenye injini baada ya watoto kupata picha ya historia yake. Viatu vilivyofunika vidole vinafaa kuliko ndara, kwa kuwa uani kuna reli na vyuma vyenye ncha. Aidha, chuma kilichopigwa na jua la mchana huunguza. Watoto wadogo wasiachwe kupanda injini bila mtu mzima.

Jambo moja zaidi linaweza kuongeza thamani ya siku hiyo: kumchukua babu au bibi. Katika familia nyingi za Nairobi, Voi, Nakuru na Kisumu yumo mzee aliyesafiri kwa treni ya mvuke, au aliyelelewa katika nyumba za wafanyakazi wa reli kama zile za Muthurwa. Mbele ya injini aliyoijua, mzee huyo hukumbuka mlio wa honi, harufu ya mafuta na majina ya vituo vilivyosahaulika. Kumbukumbu hizo hazijaandikwa kwenye kibao chochote, na mjukuu anayezisikia leo ndiye atakayezisimulia kesho.