Usimeze Mseto kwa Ajili ya Theluji

Msimu wa theluji ukikaribia, swali ni lile lile: "Daktari, naenda Georgia, kule baridi ni kali. Nimeze mseto wa malaria kabla sijaondoka, au niubebe?" Linaulizwa na familia ya Dar es Salaam iliyosikia kwamba Tbilisi ni rahisi kuliko Paris. Linaulizwa pia na Waswahili wa Muscat na Dubai, ambao kibali chao cha kuishi Ghuba kinawafungulia Georgia bila viza. Wote huuliza kwa sauti ya mtu mwenye jibu tayari, anayetaka tu kuandikiwa dozi. Jibu langu ni hapana. Georgia, hii ya milima ya Kaukazi na si jimbo la Marekani, ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwezi Januari 2025 kuwa nchi isiyo na malaria. Armenia ilitangulia mwaka 2011 na Azabajani ikafuata 2023. Anayemeza mseto kwa ajili ya Georgia anajikinga na ugonjwa usioambukizwa anakokwenda, kwa dawa ambayo si ya kinga, kwa sababu ambayo si sababu. Makosa hayo yamezaliwa na imani moja, nayo ndiyo inayostahili kushughulikiwa kwanza.

Imani hiyo inasema kwamba baridi huleta malaria. Ukinyeshewa, ukioga maji ya baridi usiku, ukilala bila kujifunika, ukipanda kwenda Njombe au Limuru, basi "malaria inapanda". Si vigumu kuona ilikotoka. Malaria huanza kwa mtetemeko: mtu anajifunika mablanketi mawili katikati ya jua la Tanga na bado meno yanagongana. Aliyeshuhudia hayo akahitimisha kwamba baridi imetangulia na ugonjwa umefuata, kumbe baridi ile imetoka ndani ya mgonjwa, ni dalili na si chanzo. Kisha kuna masika. Mvua hushusha joto na hapo hapo huacha madimbwi ya kuzalia mbu, kwa hiyo baridi na malaria huingia nyumbani msimu mmoja, na anayesingiziwa ni yule anayehisiwa kwenye ngozi. Lakini tazama ushahidi. Kimelea cha falsiparamu, ambacho ndicho kinachosababisha sehemu kubwa kabisa ya malaria ya Afrika Mashariki, hakiwezi kukomaa ndani ya mbu joto likishuka chini ya nyuzi 18 hivi za Selsiasi. Ndugu yake vivaksi huvumilia kidogo zaidi, naye hukwama kwenye nyuzi 16 hivi. Baridi inamnyima mbu uwezo wa kuambukiza. Ndiyo maana Njombe, mkoa ambao watu huvaa makoti mwezi Julai, ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye maambukizi machache kabisa, wakati Mtwara na Tabora zenye joto zimo kwenye orodha ya juu. Ingekuwa baridi ndiyo mzazi wa malaria, ramani hiyo ingekuwa imegeuzwa juu chini.

Georgia yenyewe ni shahidi mzuri kuliko mimi. Malaria iliwahi kuwatesa Wageorgia kwa miaka mingi, lakini haikuishi kwenye barafu ya Svaneti wala chini ya kilele cha Kazbek chenye mita 5,054. Iliishi mabondeni: kwenye vinamasi vyenye joto na unyevu vya Kolkheti, karibu na bandari ya Poti kwenye Bahari Nyeusi, na baadaye kwenye nyanda za mashariki zinazopakana na Azabajani. Enzi ya Kisovyeti vinamasi vile vilichimbiwa mifereji na kupandwa mikalitusi ili kuvikausha, na kufikia mwaka 1970 maambukizi ya ndani yalikuwa yamekoma. Muungano wa Kisovyeti ulipovunjika na huduma za afya zikadhoofika, malaria ilirudi katika miaka ya 1990, ikafika kilele mwaka 2002, kisha ikafukuzwa tena. Katika hadithi hiyo yote msimu wake ulikuwa kiangazi na makazi yake yalikuwa tambarare. Majira ya baridi ya milimani hayakuwahi kuizalisha.

Hapo ndipo hutolewa pingamizi ambalo kila mtu analo mfukoni: "Lakini shemeji yangu alikwenda Ulaya, akakuta theluji, na siku ya tano akalazwa kwa malaria." Nakubali kwamba alilazwa. Nakubali pia kwamba ilikuwa malaria. Ninachokataa ni kwamba aliipatia kule. Tangu mbu akuume mpaka homa ianze, falsiparamu huchukua kwa kawaida kati ya siku 7 na mwezi mmoja, na kwa mwenye kinga ya kiasi au aliyemeza dawa nusunusu inaweza kuchelewa zaidi. Aliyeumwa na mbu Kisumu wiki moja kabla ya safari atapanda ndege akiwa mzima, atapiga picha kwenye theluji akiwa mzima, kisha ataanguka. Theluji haikufanya lolote zaidi ya kuwepo siku hiyo. Angebaki Kisumu angeugua tarehe ile ile, na pengine angesema ni mvua ya jana.

Mwenye kusoma kidogo huja na pingamizi kali zaidi: je, si kweli kwamba malaria hujificha mwilini na kuamshwa na baridi? Kujificha ni kweli kwa vimelea viwili, vivaksi na ovale, ambavyo huacha mbegu zilizolala kwenye ini na kuibuka baada ya miezi. Falsiparamu haina tabia hiyo ya kulala kwenye ini, ingawa mtu aliyekulia kwenye malaria anaweza kutembea na vimelea vichache damuni bila kuhisi kitu. Hata hivyo, tuseme una zile mbegu zilizolala: mseto hauzigusi. Dawa ya kuzing'oa ni primakwini, nayo haimezwi kwa kubahatisha, kwa sababu kwa watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si wachache katika pwani yetu, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo hata hoja hii bora kuliko zote haimfikishi mtu kwenye mseto.

Sasa mseto wenyewe. Ni dawa nzuri sana ya kutibu: vidonge 24 kwa mtu mzima, vinne mara sita katika siku tatu, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Artemeta, ile sehemu inayopiga haraka, huisha mwilini ndani ya saa chache. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikipungua polepole. Mjanja atasema kwamba masalia hayo yanatosha kumlinda. Lakini vimelea vilivyoingia karibuni hukaa kwanza kwenye ini takriban wiki moja kabla ya kumwagika damuni, na huko mseto hauvifuati. Vinapotoka vinakuta masalia yaliyodhoofika, na matokeo yanaweza kuwa ugonjwa uliocheleweshwa badala ya ugonjwa uliozuiwa: homa ambayo ingekukuta Mwanza karibu na zahanati inakukuta Gudauri huko Georgia, karibu na lifti ya kuteleza kwenye theluji. Na hapo tumedhani kwamba mtu amemeza dozi nzima. Wengi humeza vinne "vya kutanguliza" na kuweka vingine kwenye begi. Tabia hiyo ya dozi nusu ina gharama kwetu sote, maana vimelea vyenye ukinzani wa kiasi kwa artemisinini vimekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na Kagera. Anayetaka kuniambia kwamba vidonge vinne havimdhuru mtu aende akawaeleze wagonjwa wa Kagera. Mwarobaini nao naujumuisha hapa hapa: ni mchungu, na uchungu si ushahidi. Chai ya pakanga vivyo hivyo.

Swali linalofaa ni kama unaondoka na malaria mwilini, na ukiugua kule nani ataitambua. Daktari wa Tbilisi anayempokea mgeni mwenye homa mwezi Januari atafikiria mafua makali kwanza, na ana haki. Malaria anaisoma kuliko anavyoiona. Kwa hiyo kazi ni yako: ukipata homa wakati wowote ndani ya miezi 3 tangu utoke nyumbani, mwambie kabla hajakuuliza kwamba umetoka kwenye nchi ya malaria, taja tarehe, na uombe kipimo cha damu siku hiyo hiyo. Na ukishameza vidonge vya mseto kiholela umemvurugia kazi, kwa sababu vipimo vingi vya haraka huweza kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, na kwa upande mwingine vimelea vikiwa vichache mno kipimo kinaweza kuvikosa. Walio hatarini zaidi ndio wanaojiona salama: watoto wa Muscat, Dubai na London waliozaliwa kwenye nyumba ya Kiswahili, au wazazi wao waliokaa nje miaka mingi. Kinga ya kiasi tuliyoipata utotoni hufifia mtu akikaa mbali na mbu, na wazaliwa wa nje hawakuwahi kuwa nayo. Mtu huyo akipitia Mombasa au Lindi kusalimia wazee kisha akaunganisha na Georgia, anahitaji dawa halisi ya kinga. Aianze kabla ya kuja kwetu, kwa maana huku ndiko kwenye mbu. Asiiache akishapanda ndege: atovakwoni na proguanili huendelea siku 7 baada ya kuondoka, doksisaiklini na meflokwini wiki 4. Hizo wiki atazimalizia kwenye theluji, na hapo ndipo kidonge cha malaria kina maana Georgia.

Yaliyobaki ni ya haraka, ingawa ndiyo yanayoua. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu: Desemba 2024 watu 12 walikutwa wamekufa kwenye vyumba juu ya mgahawa huko Gudauri, na uchunguzi ukaelekea kwenye jenereta iliyokuwa ikiwaka ndani ya jengo. Mwenye nyumba ya kupanga mwulize hita ya gesi inatoa moshi wapi, beba king'ora kidogo cha kaboni monoksidi, na mkiumwa kichwa na kichefuchefu wote chumbani kwa pamoja tokeni nje kwanza, mjadala baadaye. Mwinuko usikutishe: mji wa Stepantsminda uko mita 1,740 hivi, chini kidogo ya Nairobi. Anayetaka Kazbek ndiye apange siku za kuzoea. Mbwa wa mitaani Tbilisi wengi wana vibandiko masikioni, alama kwamba wamechanjwa, lakini akikuuma osha kwa sabuni dakika 15 na nenda ukachanjwe siku hiyo hiyo. Kiangazi vijijini vaa suruali ndefu na kagua kupe. Simu ya dharura ni 112. Kuanzia Januari 1, 2026 mgeni anatakiwa kuwa na bima ya afya na ajali, basi soma kama inagharamia kuteleza kwenye theluji, maana bima nyingi za bei rahisi haziigharamii. Dawa zako za kisukari na shinikizo la damu ziweke kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari. Na kama kwenye kabati lako kuna vidonge vya tramadoli au dawa ya kikohozi yenye kodini, usiitupie kwenye begi kwa mazoea: sheria ya Georgia kuhusu dawa za kulevya ni kali, na afisa wa forodha hatakubali kwamba uliinunua tu dukani.