Watani wa Jadi: Maneno ya Mpira Yasituvunjie Nyumba



Alasiri moja ya mwaka 2024 alitujia mama mmoja wa mtaa wetu, mtu mzima mwenye heshima zake, akakaribishwa barazani na watu wa nyumbani. Baada ya kujuliana hali na kunywa kahawa alishusha pumzi, akasema, "Sheikh, nimekuja kukushitakia wanangu. Wiki ya tatu hii hawaamkiani, na nyumba ni moja. Mmoja yuko juu, mmoja yuko chini."

Tulidhani ni mambo ya mirathi, kwa kuwa baba yao ametangulia mbele ya haki, na mirathi twajua jinsi inavyochoma ndugu. Akatikisa kichwa. "Ni Chama," akasema.

"Chama gani? Cha siasa?"

"La, Sheikh. Chama wa Simba. Yaani, sasa ni wa Yanga."

Watu wa nyumbani waliangua kicheko, nasi tukatabasamu. Yule mama hakucheka. Alisema, "Wanangu hawa wanayajua majina ya wachezaji wote, na goti la nani linauma, na mkataba wa nani unakwisha lini. Lakini dawa ya presha ninayokunywa hakuna anayeijua jina, wala hakuna anayejua kuwa imekwisha tangu juzi, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyeninunulia."

Hapo nasi tabasamu ilitutoka, tukaona kuwa jambo hili lafaa kuzungumzwa katika kurasa hizi.

Tuwaeleze kwanza wale wasiofuatilia mpira. Clatous Chama ni kiungo kutoka Zambia aliyejiunga na Simba ya Dar es Salaam mwaka 2018. Desemba ya mwaka huo huo, Simba ilipocheza na Nkana ya kwao Zambia, bao lake la dakika za mwisho liliipeleka Simba kwenye hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mashabiki wakampa jina la Mwamba wa Lusaka. Kisha, Julai 2024, akavuka upande wa pili, akavaa jezi ya Yanga.

Katika nyumba ya yule mama, mwana mkubwa ni wa Simba, mdogo ni wa Yanga. Siku habari ile ilipothibitika, mdogo alikuja kwenye chakula cha mchana amevaa jezi ya manjano, akiimba. Mkubwa alisema mchezaji yule ni msaliti, na anayemshangilia msaliti hana asili. Mdogo akamkumbusha kuwa asili yao ni moja, kisha akalitaja deni ambalo kaka yake hajamlipa. Maneno yakatoka mpirani yakaingia kwenye deni, yakatoka kwenye deni yakawafikia wake zao. Sahani ziliondolewa zikiwa na wali.

Huenda mgeni akauliza, watu wa Mombasa wanagombania nini timu za Dar es Salaam, ilhali wanayo Bandari yao? Mwenyeji hataliuliza hilo. Ni nyumba gani ya pwani yetu isiyokuwa na mjomba Tanga, shangazi Unguja au binamu Dar? Redio za Kiswahili kutoka ng'ambo ya mpaka zimesikizwa vibarazani mwetu tangu utoto wetu. Na wachezaji kutoka Kenya wamekuwa wakienda huko kutafuta riziki. Francis Kahata na Joash Onyango wamechezea Simba, na Duke Abuya akajiunga na Yanga mwaka 2024. Onyango, tena beki, ndiye aliyeisawazishia Simba dhidi ya Yanga mechi yao ya Novemba 2020 ilipokwisha bao moja kwa moja. Siku ile hata wasiokuwa wa Simba hapa kwetu walishangilia.

Sasa tulitazame lile neno la "asili". Timu hizi mbili ni majirani wa Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Yanga, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya vijana, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, kwa simulizi inayojulikana sana, baadhi ya watu walijitenga nayo wakaunda timu yao, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, mpaka ilipochukua jina la Simba mwaka 1971. Makao ya moja yako Jangwani, ya nyingine yako mtaa wa Msimbazi, mwendo wa mtu kwa miguu. Basi hawa ni ndugu waliogawana nyumba. Anayemwambia mwenzake hana asili amejitukana mwenyewe.

Hatusemi haya ili kuyadharau mabishano ya mashabiki. Tumekaa nao vibarazani, na tumeona kuwa kuna ilimu ndani yake. Mzee wa miaka sabini atakusimulia ushindi wa Simba wa mabao sita kwa bila mwaka 1977, ambapo Abdallah Kibaden alifunga matatu peke yake. Kijana atamkatiza kwa tano kwa moja ambazo Yanga iliwapa Simba tarehe 5 Novemba 2023. Mwingine atarudi Mei 2012, Simba ilipoifunga Yanga tano kwa bila. Asiyeshuhudia husema amepokea kwa fulani, na fulani alikuwako uwanjani. Nasi tukisikia hivyo hukumbuka chuoni, tulipokuwa tukiulizwa, "Umeipokea kwa nani?" Vijana wenye kumbukumbu ya namna hii hawakosi akili. Wakikosa kitu, ni adabu ya kubishana.

Adabu ya kwanza ni kumpima mchezaji kwa alichokifanya uwanjani. Kusema kuwa kiungo fulani amepunguza kasi, au beki fulani huacha nafasi nyuma yake, ni hukumu yenye ushahidi, na mwenzako aweza kuipinga kwa ushahidi wake. Lakini timu ikifungwa vibaya, utasikia mlinda lango "ameuza mechi", amehongwa, amerogwa. Nani alishuhudia? Nani alihesabu fedha? Surat Al-Hujurat imetukataza kudharauliana, kuitana kwa majina mabaya na kufuata dhana, wala haikumvua mchezaji mpira katika haki hiyo. Yule mlinda lango ana mama, na mama yake naye ana simu inayopokea matusi yote anayotupiwa mwanawe.

Adabu ya pili ni kuelewa kuwa mchezaji ni mtu wa kazi. Juma Kaseja ndiye aliyekuwa langoni siku Simba ilipowatoa mabingwa wa Afrika, Zamalek ya Misri, kwa mikwaju ya penalti mwaka 2003. Kaseja huyo huyo baadaye alivaa jezi ya Yanga. Chama si wa kwanza, wala hatakuwa wa mwisho. Mkataba ukiisha, mtu hutazama wapi atapata malipo bora kabla magoti hayajamkataa, maana umri wa kazi ile ni mfupi. Wangapi katika vijana wetu wamehama kampuni moja ya bandarini wakaenda nyingine yenye mshahara mzuri zaidi, nasi tukawaombea baraka? Hakuna aliyewaita wasaliti.

Adabu ya tatu ni kutofurahi kabla ya wakati. Tarehe 20 Oktoba 2013 Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza kwa mabao matatu kwa bila. Shabiki aliyetoka nje dakika zile kwenda kumzomea jirani yake alirudi akakuta maji yamezidi unga, kwani Simba iliyarudisha yote matatu, ikawa sare. Ulimi ulioteleza wakati wa mapumziko haurudishwi na firimbi ya mwisho.

Juu ya adabu zote hizi liko jina ambalo Waswahili wenyewe wamezipa timu hizi, nalo ni watani wa jadi. Hawakuitwa maadui. Utani kwa wazee wetu ulikuwa ni mafungamano yenye sheria. Mtani ana ruhusa ya kukucheka na kukwambia maneno ambayo mwingine akiyasema mtagombana. Lakini ruhusa hiyo imelipiwa kwa wajibu. Siku ya msiba, mtani ni wa mbele. Ndiye anayeshika shughuli, ndiye anayemtania mfiwa mpaka atabasamu, wala haondoki mpaka mambo yamekwisha. Vijana wetu wamechukua ruhusa wakauacha wajibu. Wanamcheka ndugu akifungwa, na akiumwa hawajui.

Haya ndiyo tuliyowaambia wale ndugu wawili tulipowaita baada ya Isha. Hatukuwahubiria sana, kwa kuwa mtu aliyekasirika hubeba mahubiri kama anavyobeba mzigo wa mwenziwe. Tuliwauliza swali moja tu: katika timu ya ndugu yako, ni mchezaji gani ungetamani awe wako?

Wakanyamaza. Mkubwa akajikuna kidevu, kisha akasema kwa shida kama ang'olewaye jino, "Aziz Ki." Ni yule mchezaji wa Burkina Faso aliyeibuka mfungaji bora wa ligi ya Tanzania msimu wa 2023/24 kwa mabao 21. Mdogo akacheka kwa pua, akasema yeye angemchukua Mohamed Hussein, yule Tshabalala, beki wa kushoto na nahodha wa Simba. "Mtu huyo hachoki," akasema. Mkubwa akadakia kueleza kwa nini hachoki. Dakika kumi baadaye walikuwa wakibishana kwa sauti kubwa, nasi tukajua kuwa wamepatana. Kabla hawajaondoka tuliwauliza jina la dawa ya mama yao. Hakuna aliyejibu, na vichwa vyote viwili viliinama. Deni nalo likaandikiwa tarehe ya kulipwa.

Tumelikumbuka tukio hili tena kwa yaliyotokea Ramadhani ya mwaka 2025. Mechi ya watani ilikuwa imepangwa kuchezwa jioni ya tarehe 8 Machi. Simba ikalalamika kuwa imezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, ikatangaza kuwa haitacheza, na mechi ikaahirishwa. Ilichezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda mbili kwa bila. Kwa miezi mitatu ile watu wa pande zote mbili walilalamika kwa sauti moja, kwa kuwa mmoja asipokuwepo, wa pili hana wa kumfunga. Mtani wako ndiye anayekupa furaha yako. Ukimfukuza, utashangilia peke yako.

Kwenu kina mama, ambao wengi wenu mna timu zenu na mwazijua vyema kuliko waume zenu, tuna maneno machache. Msiwakataze watoto mpira, wawekeeni mipaka. Jezi zote mbili zikae katika kamba moja ya nguo. Mechi isiipite swala wala kumpita mgonjwa. Matusi juu ya wazazi, rangi na kabila la mchezaji yasiingie mlangoni hata kwa mzaha. Na fedha zikiwekwa juu ya matokeo, jueni kuwa utani umekwisha na kamari imeingia, na kamari ni haramu. Aliyepoteza ada ya mtoto hawezi kuuchukua mzaha wa jirani.

Tumalizie kwa habari ya wale ndugu. Mwaka 2025, baada ya miaka kumi na moja Msimbazi, Tshabalala naye alivuka akaenda Yanga. Tulipoisikia habari ile tuliingiwa na hofu, tukampigia simu yule mama kumuuliza kuna amani.

"Kuna amani, Sheikh," akasema. "Mkubwa amenuna tangu asubuhi. Mdogo amempelekea sahani ya biriani huko juu, na jezi ya manjano ameikunja ameiweka chini ya sahani. Nasikia wanapiga kelele, lakini wanakula."

"Na dawa?"

"Dawa ninazo mbili mbili. Kila mmoja ameninunulia yake."

Wabillahi tawfiq.