Gewaltherrschaft: soma hii kabla hujaandika "udikteta"

1. Siasa ikichemka huku mtandaoni, lazima mtu atupe neno "udikteta". Ushuru umepanda? Udikteta. Mkutano umeahirishwa? Udikteta. Leo nawaletea neno la Kijerumani la kutusaidia kupima: Gewaltherrschaft.

2. Ni maneno mawili yaliyounganishwa. Herrschaft ni utawala. Gewalt ndilo lenye mambo: ni nguvu, ni mabavu, na pia ni mamlaka. Kwa hivyo Gewaltherrschaft ni utawala wa mabavu, unaokalia watu bila ridhaa yao.

3. Ni neno zito. Tangu 1993, jengo la Neue Wache jijini Berlin ni kumbukumbu ya kitaifa ya wahanga wa vita na Gewaltherrschaft.

4. Sasa sikizeni. Gewalt hiyo hiyo imo kwenye Gewaltenteilung, yaani mgawanyo wa mamlaka: Bunge, Serikali, Mahakama. Tofauti iko kwa nani anashika nini. Kila mmoja akishika fungu lake na kumchunga mwenzake, uko salama kiasi. Yote yakiingia mkono mmoja, umefika pabaya.

5. Na si ati lazima uone vifaru barabarani. Tarehe 23 Machi 1933, Bunge la Ujerumani lilipiga kura 444 kwa 94 kuiruhusu serikali ya Hitler kutunga sheria bila Bunge. Wabunge Wakomunisti walikuwa wamekamatwa au wametoroka, na vijana wa mabavu wa chama cha Hitler walijaa ukumbini. Kwa karatasi, mambo yalifuata sheria.

6. Kwetu, Kifungu cha 1 cha Katiba ya 2010 kinasema mamlaka ni ya wananchi. Hizo taasisi zingine tumezikabidhi tu.

7. Kwa hivyo mimi huuliza hivi: Mahakama ikisema hapana, inatiiwa? Bunge linaweza kukataa? Mtu akilalamika leo, atalala kwake usiku?

8. Kama jibu ni ndiyo kote, hiyo ni sera mbaya tu. Ipinge kwa kesi, kwa maandamano ya amani, kwa kura. Jibu moja likianza kuwa hapana, piga kelele hapo hapo, kabla hayo mengine hayajafuata. Lakini tukiita kila kitu udikteta, siku hiyo nani atatuskiza?