Fahamu: Damu hugandaje unapojikata?

Kisu kikiteleza ukikata kitunguu, damu huchuruzika, kisha baada ya dakika chache hukoma yenyewe. Huko ndiko kuganda kwa damu: mwili kuziba tundu la mshipa kabla damu nyingi haijapotea.

Kizibo cha kwanza

Mshipa uliokatwa hujibana papo hapo. Chembe sahani, ambazo ni 150,000 hadi 450,000 katika kila maikrolita ya damu, hunata penye jeraha, huchomoza vijikono na kuita nyingine. Kizibo hicho ni dhaifu. Ukikifutafuta kwa kitambaa, damu huanza upya.

Wavu wa faibrini

Kukiimarisha kizibo hicho ndiko kwenye ufundi. Protini za damu, nyingi zikitengenezwa na ini, baadhi kwa msaada wa vitamini K, huamshana moja baada ya nyingine. Mwishowe moja ya protini hizo, trombini, huigeuza nyingine, faibrinojeni, kuwa nyuzi za faibrini, zinazonasa chembe nyekundu kama wavu unavyonasa dagaa. Kidonda kikipona, protini iitwayo plasmini huyeyusha wavu huo.

Mambo yakienda kombo

Mwenye ugonjwa wa himofilia A amepungukiwa na protini ya kugandisha damu namba 8, hivyo hutoka damu kwa muda mrefu. Kinyume chake, bonge la damu likijiunda ndani ya mshipa wa mguu laweza kung'oka, likasafiri na kuziba mshipa wa mapafu.