Kanga: Ndege, Vazi na Suala la Kitomeo cha Kamusi

Neno kanga hurejelea ndege wa jamii ya kuku mwenye manyoya meusi yenye madoa meupe, na pia vazi la pamba la wanawake lenye pindo, mji na jina, ambalo huuzwa kwa doti. Makala haya yanachunguza iwapo hilo ni neno moja lenye maana mbili au ni maneno mawili yenye umbo moja.

Kuhusu asili ya jina la vazi, wapo wanaolihusisha na kitenzi cha Kibantu -kanga, chenye maana ya kufunga. Hata hivyo, katika Kiswahili cha leo kukanga ni kupasha mwili joto, kama afanyavyo mtu aotaye moto. Dhana ya kufunga haimo. Wengine hulihusisha na ndege. Inasimuliwa kuwa katika karne ya 19 wanawake wa pwani waliunga leso sita kupata nguo moja, na kwamba nguo za awali zilikuwa na madoa mithili ya manyoya ya kanga. Leso, neno lenye asili ya Kireno, bado ni jina la vazi hilo Mombasa.

Tahajia khanga haiamui mjadala huu. Mpumuo wa kh hutokana na nazali iliyotangulia k, na nomino ya ngeli hiyo ingeupata iwe imetokana na kitenzi au na jina la ndege. Chenye uzito zaidi ni ukale: Kichewa kina nkhanga, Kishona kina hanga na Kikuyu kina nganga, vyote kwa maana ya ndege. Jina la ndege, basi, lilitangulia vazi.

Yaweza kupingwa kwamba upatanisho wa kisarufi hutofautiana: kanga huyu ametaga, kanga hii imefuliwa. Lakini Kiswahili husema pia ndege huyu na ndege hii, ilhali chombo cha angani kilipewa jina la kiumbe arukaye. Uhai wa kirejelewa ndio unaoongoza upatanisho, si asili ya neno.

Kwa hiyo, hoja ya polisemia ina nguvu kuliko ya homonimia. Kamusi inayotenga vitomeo viwili humficha msomaji sitiari iliyolizaa jina la vazi. Kitomeo kimoja chenye fahili mbili, kila moja na ngeli yake, kingeihifadhi.