Kukarabati Kabla ya Kuinua: Gari Dogo Katika Barabara za Kisangani

Magari madogo ya Kijapani kama Toyota Vitz na Toyota IST, ambayo kwa kawaida hufika mashariki mwa Kongo yakiwa yameshatumika miaka mingi kwingineko, yalibuniwa kwa ajili ya lami ya mijini, na ndiyo maana springi, shokapu, mikono ya magurudumu na bushi zake hupata taabu kubwa zinapokutana na udongo mwekundu wa Tshopo, mkoa wa Kisangani. Barabara ya Kitaifa Na. 4, inayotoka Kisangani kupitia Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa kuelekea Beni, hukata msitu kwa zaidi ya kilomita 700. Jua likiwaka udongo wake hukakamaa na kujikunja kuwa matuta madogo yanayofuatana, na mvua ikinyesha malori huuchimba mifereji ambayo tumbo la gari dogo haliwezi kuipita bila kukwaruzwa. Hali hiyo imewaaminisha wengi kwamba tiba ni kuliinua gari, ilhali mara nyingi gari hilo linahitaji kwanza kurudishiwa afya yake ya awali.

Ni vyema kutenganisha kazi za vifaa hivi, kwa kuwa makosa mengi ya gereji hutokana na kuvichanganya. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari, wakati shokapu, ambayo mafundi wa Kongo huiita amortisere kwa kufuata Kifaransa, huituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kugonga shimo, nayo hufanya hivyo kwa kusukuma mafuta katika matundu membamba ili nguvu ya mtikisiko igeuke kuwa joto. Katika matuta yasiyokwisha mafuta hayo hupata joto, yakatoa povu na kupoteza nguvu, na kwa sababu hiyo shokapu iliyojazwa gesi ya nitrojeni, inayozuia povu, hulifaa zaidi gari linalosafiri mara kwa mara nje ya mji. Kwenye magurudumu ya mbele ya magari haya, springi na shokapu huunganishwa kuwa nguzo moja iliyobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson na kuanza kutumika katika magari ya Ford ya Uingereza mwaka 1950. Nguzo hiyo hushiriki pia katika kugeuza gurudumu, na kwa hiyo ikichakaa, usukani na matairi huathirika pamoja nayo.

Dalili za uchakavu hazihitaji mashine. Shokapu yenye mafuta yanayotiririka ubavuni imekwisha. Tairi lililolika kwa mabaka mabaka linaonyesha kwamba gurudumu limekuwa likirukaruka. Na gari likikandamizwa kona moja kisha likaachiliwa, linapaswa kupanda mara moja na kutulia. Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, la sivyo gari litavuta upande mmoja wakati wa kufunga breki.

Kinachosahaulika zaidi ni mpira. Bushi, yaani kipande cha mpira kilichoshikamana na bomba la chuma kwenye maungio ya mkono wa gurudumu, haizunguki kama beringi, bali hujinyonga kidogo kila mkono unapopanda na kushuka. Fundi anayekaza bolti zake gari likiwa limening'inia juu ya jeki huufunga mpira huo katika mkao usio wake, na gari linaposhushwa chini bushi huanza maisha yake ikiwa tayari imenyongwa, ikachanika mapema mno. Bolti hizo zinapaswa kukazwa kwa mara ya mwisho magurudumu yakiwa yamebeba uzito wote wa gari, hatua isiyoongeza gharama yoyote lakini inayorukwa kila siku. Vivyo hivyo, kifuniko cha mpira kinachozunguka fimbo ya shokapu kikipasuka, matope huingia, hukwaruza fimbo na kukata sili inayozuia mafuta, kiasi kwamba kipuri cha bei ndogo huua kipuri cha bei kubwa.

Kuhusu kuinua, kipande cha chuma au plastiki ngumu kiitwacho spesa, kinachowekwa juu ya nguzo, huliongezea gari nafasi ya chini bila kuifanya springi iwe bora, na kadiri kinavyozidi unene ndivyo ekseli za mbele zinavyokaa mshazari zaidi, maungio yake yakalika na vifuniko vyake vya mpira kupasuka. Sentimita 2 hadi 3 zinavumilika, ilimradi magurudumu yapimwe na kunyooshwa upya baadaye. Sentimita 5 ni kuhamisha tatizo kutoka tumboni kwenda kwenye ekseli. Njia ya upole zaidi ni tairi lenye ukuta mrefu kidogo: kutoka 175/65R14 kwenda 175/70R14 gari hupanda karibu milimita 9, na mpira wenyewe husaidia kumeza mashimo, mradi tairi lisiguse bodi usukani unapokatwa hadi mwisho.

Mnunuzi wa shokapu iliyotumika aisimamishe wima, aikandamize na kuivuta mara kadhaa, na aikatae ikiwa inaruka au kulegea sehemu yoyote ya mwendo wake. Tahadhari moja haina msamaha: nati ya juu ya nguzo haifunguliwi kamwe kabla springi haijabanwa kwa kibanio chake maalumu, kwani springi inayofyatuka inaweza kuua.

Mvua za Kisangani hupungua kati ya Desemba na Februari, na huo ndio wakati unaofaa kwa kazi hii. Mwenye gari ambaye fedha zake zinatosha jambo moja tu anunue bushi, vifuniko vya mpira na shokapu mbili za mbele, na spesa aiache dukani.